Hisani ya Nani?

"Picha: Hisani." Maneno mawili tu, chini ya picha yangu, kwenye tovuti ambayo sijawahi kuongea na mtu wake yeyote. Hisani si ni wema? Anayekufanyia wema ameamua mwenyewe. Mimi sikuamua chochote.

Picha yenyewe niliipiga Gikomba, upande wa samaki. Nilimwomba mama mmoja ruhusa, akakataa. Nikanunua omena, nikarudi wiki iliyofuata, nikanunua tena. Akakubali kwa sharti moja: "Lakini usinitoe vibaya." Nikaiweka kwenye tovuti yangu, ile ninayoilipia kila mwezi hata mwezi ambao sina kazi.

Hao jamaa wakaitumia kwa habari ya samaki wanaohifadhiwa kwa dawa ya maiti. Uso wake ukakaa chini ya kichwa hicho. Habari haikumtaja popote, lakini nani husoma hadi mwisho? Wateja walimwonyesha kwenye simu. Akanipigia: "Wewe si ulisema ni picha tu?"

Na hata kuinakili hawakuinakili. Waliweka kiungo, ili kila msomaji akifungua ukurasa wao, picha ichotwe kutoka kwa seva yangu. Wao wanapata wasomaji na matangazo, mimi ndiye nalipia mzigo. Ni kama jirani kuchomeka waya kwa mita yako ya stima, halafu tokeni zikiisha anakugongea akuulize mbona kuna giza.

Nilipomwandikia mhariri alinijibu, "Bosi, tulia, si iko Google?" Google ni manamba. Anakuitia gari, lakini gari si lake. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inailinda picha hata kama hujaisajili popote. Inaruhusu, ndiyo, kazi ya mtu itumiwe kwa kiasi cha haki kuripoti matukio, lakini inataka chanzo kitajwe. "Hisani" si chanzo. Na usiniambie tovuti ndogo hazina pesa. Hata mimi sina. Wikimedia Commons imejaa picha za bure, na nyingi zinadai tu umtaje mpiga picha na leseni yake. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. (Memu za grupu la WhatsApp sizisemi hapa. Hakuna anayeuza matangazo juu yake.)

Kiungo kina ubaya wake kwa anayekiiba, kwa sababu picha bado iko mkononi mwa mwenyewe. Mwaka 2007 ukurasa wa MySpace wa seneta John McCain wa Marekani ulikuwa unavuta picha kutoka kwa seva ya mbunifu Mike Davidson. Davidson akaibadilisha, na seneta akaonekana akiunga mkono ndoa za jinsia moja, jambo alilokuwa akilipinga.

Nilishawishika kuwafanyia kitu kama hicho, tena kibaya zaidi. Mwishowe niliweka mraba mweupe wenye maandishi meusi: "Mama aliyekuwa hapa hahusiki na habari hii. Picha yake ilichukuliwa bila ruhusa."

Saa moja haikuisha, wakaiondoa. Hakuna aliyeomba msamaha, si kwangu wala kwa mama. Jioni nilifungua tena ule ukurasa. Habari ni ile ile, ila sasa kuna mama mwingine, wa soko nisilolijua, ameshika sangara na anacheka. Chini yake: "Picha: Hisani."