Malezi nayo ni stadi ya kujifunza

Mzazi mwenzangu, tuseme umerudi usiku kutoka mwaloni Kirumba, umechoka, na nusu ya dagaa wako hawajanunuliwa. Unamkuta binti yako wa miaka 14 ana simu usiyojua imetoka wapi. Mkono unakimbilia fimbo. Baada ya kipigo atakuwa amejifunza jambo moja tu: kuificha vizuri zaidi. Na aliyempa simu hiyo, ambaye ndiye hatari yenyewe, hutamjua.

Wengi wetu tumelelewa hivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu vijana 3 kati ya 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Fimbo imetumika sana, lakini watoto wetu bado wanapotelea mitaani.

Malezi ni stadi, na hufundishika. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, familia 552 zilishirikishwa katika utafiti. Baadhi yao zilipata mafunzo ya vikao 14, mzazi na kijana wakifundishwa pamoja: kuongea, kusifiana, kutuliza hasira, kupanga kanuni za nyumbani, hata kuweka akiba. Miezi kadhaa baadaye, katika familia hizo vipigo vilipungua, ulevi ulipungua kwa wazazi na kwa vijana, na wazazi walijua zaidi watoto wao wako wapi. Mafunzo hayo yameletwa Tanzania, na hapa Mwanza yamejaribiwa kwa njia ya simu za mkononi.

Usisubiri semina. Anza leo. Mnapochambua dagaa au kusonga ugali, muulize siku yake ilikwendaje, kisha nyamaza umsikilize. Akifanya jema, mwambie. Hasira ikipanda, toka nje, kunywa maji, ndipo urudi kuuliza. Kanuni za kurudi nyumbani zipangeni pamoja, nawe uzifuate.

Ukihisi mtoto yuko hatarini, mwone ofisa ustawi wa jamii wa eneo lako au piga 116, Simu ya Mtoto, bila malipo.

Kuomba msaada wa malezi si aibu. Tunampeleka mtoto kliniki akiwa mchanga. Akibalehe, mzazi naye anahitaji kliniki yake.