Shindano la watunzi lije huku mpakani

Mashindano ya kuimba tunayo tele, lakini anayekesha akitafuta maneno na mahadhi, nani anamtuza? Ufilipino walimpa mtunzi jukwaa lake tangu miaka ya 1970. Mtunzi Freddie Aguilar aliingia fainali za shindano hilo la watunzi jijini Manila mwaka 1978 na wimbo wake "Anak". Hakushinda, na bado wimbo huo ukazunguka dunia. Hapo ndipo ninapoona faida: zawadi huenda kwa mmoja, nyimbo hubaki kwa wote.

Hapa kwetu, Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927 na limelea vipaji vingi, ila ni la wanafunzi. Akimaliza shule, mtunzi wa kijijini aende wapi?

Tena sisi wa Busia tuna jambo letu. Mteso wa Amukura, Kenya, na Mteso wa Tororo, Uganda, ni ndugu, harusi na matanga tunakwenda pamoja. Mpwa wangu anatunga kwa Kiteso na Kiswahili, nduguye wa Tororo anampigia ala yetu ya akogo. Shindano la taifa moja lingewatenganisha, huyu Nairobi, yule Kampala, na wimbo ukabaki nusu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wimbo wake wa Kiswahili, "Jumuiya Yetu", tangu 2010. Basi na ianzishe shindano la watunzi, mchujo ufanyike Busia mwaka huu, Tororo mwakani. Na fomu iwe na nafasi ya majina mawili kutoka nchi mbili.