Ufadhili Umepata, Lakini Swali ni la Nani?

Wasee, hii posti itanikosanisha na watu, na wengine ni wa familia. Lakini wacha niseme tu.

Kila mwaka ikifika Agosti, Septemba hivi, simu yangu hujaa picha moja. Mtu amesimama JKIA, masanduku mawili, jaketi nzito ambayo Nairobi haina kazi nayo, mama kando amevaa kitenge cha harusi, na maandishi: "Mungu ni mwema, naenda kufanya PhD." Chini yake komenti mia tatu za hongera na kongoi. Mimi pia huweka vile vimoto vitatu kisha naendelea na maisha.

Mwaka huu sitaweka vimoto. Nitauliza swali. Na kabla useme ni wivu, wacha nikuambie hiyo tabia niliitoa wapi.

Binti ya senge yangu, ambaye mimi humwita dada tu, ndiye mtu wa kwanza kwa ukoo wetu kufika PhD. Tulimfanyia harambee kwa uwanja wa kanisa, kati ya Litein na Kapkatet. Ufadhili wenyewe ulikuwa unalipa karo na posho, lakini tiketi, viza na bima zilikuwa juu yetu. Wazee walitoa. Akina mama wa chama walitoa. Kuna mzee alitoa pesa ya bonasi yake ya majani chai, na wale wa nyumbani mnajua hiyo bonasi hupangiwa kazi kumi kabla ifike.

Dada aliondoka na swali lake kichwani. Shamba la Kogo limekuwa likilishwa mbolea ile ile ya 26:5:5 tangu mama zetu wakiwa wasichana. Chai hupenda udongo wenye asidi, hiyo ni sawa, lakini hata asidi ina kipimo. Ikizidi, mbolea unaimwaga na kichaka hakiipati vizuri. Dada alitaka kujua mashamba madogo ya Kericho na Bomet yamefika wapi, na mkulima wa ekari moja afanye nini bila kung'oa kila kitu.

Alipofika huko, akapata ufadhili haukuwa na hata shilingi ya kurudi nyumbani kuchukua sampuli. Nauli hakuna, vipimo vya maabara hakuna, mtu wa kumsaidia shambani hakuna. Lakini profesa wake alikuwa na mradi uliolipiwa tayari, wa mashamba ya shayiri ya nchi hiyo. Kama anataka kumaliza kwa wakati, ajiunge na huo. Akajiunga. Ungefanya nini wewe, na viza inahesabu siku?

Tukampigia simu Kogo tukamweleza. Akauliza, "Huko wana chai?" Tukasema hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi anasomea shamba la nani?"

Hilo ndilo swali langu. Na silaumu dada, wala silaumu yule profesa. Profesa analipwa na watu wake ajibu maswali ya watu wake. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaifanya. Nalaumu sisi tunaodhani kwamba mtu wetu akipanda ndege, tayari tumeendelea.

Pesa ya utafiti haiji peke yake. Huja na swali la aliyeitoa. Ukitaka kuamini, angalia vile mambo yalikuwa yanaenda upande ule mwingine. Mwaka wa 1939 John Peristiany alichapisha kitabu kizima kuhusu desturi za Wakipsigis, baada ya kuja kuishi huku na kuuliza wazee maswali. Miaka ya mwanzo ya 1980, Monique Borgerhoff Mulder alikuja Abosi kwa utafiti wa PhD yake ya chuo cha Marekani. Alihesabu ng'ombe wa mahari, akauliza nani ameoa wake wangapi, ardhi ni ekari ngapi, watoto ni wangapi. Maandishi yake yanasomwa na wataalamu dunia nzima mpaka leo.

Siwasemi vibaya, kazi yao ilikuwa ya maana. Ninachosema ni hiki: wao walikuja kwetu na swali lao, na pesa ya kukaa mpaka walijibu. Sisi tukienda kwao, tunapewa swali lao tena. Safari zote mbili, swali linatoka upande mmoja. Hiyo wewe huioni?

Na si ati sisi hatuna maswali. Kericho na Bomet ukikaa kwa kibanda cha chai dakika kumi utatoka na PhD tatu.

Ya kwanza ni bonasi. Mkulima wa Mogogosiek na mkulima wa Kirinyaga wote wanapeleka majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Chai inauzwa mnada ule ule wa Mombasa. Lakini bonasi ikitangazwa, sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa tunabaki tukiangalia bei ya wenzetu wa Mlima Kenya kama watoto nje ya dirisha la duka. Mwingine anasema ni ubora wa chai. Mwingine anasema ni vile tunachuna. Mwingine anasema ni usimamizi wa viwanda. Mwingine anasema mambo ambayo siwezi kuandika hapa. Kila Oktoba tunapiga kelele, wanasiasa wanakuja na magari, Novemba tunanyamaza. Mtu akipewa miaka minne na pesa ya kufuata kilo moja ya majani kutoka kwa kichaka mpaka kwa mnada, atatuambia pesa inabaki wapi. Kelele haiwezi kufanya hiyo kazi.

Ya pili ni mashine. Mei 2023 vijana waliingia mashamba makubwa ya Kericho na mashine za kuvuna chai zikachomwa. Wengine wa hao vijana ni watu wa rika letu, na mama zao ndio walikuwa wanachuna kwa mkono. Kuchoma si jibu, lakini swali lilikuwa halali: mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi, hao watu wanaenda wapi? Nani anafuata familia zao mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano? Watoto wameacha shule? Wamehamia Nairobi? Hilo ni swali la uzamivu, na ni letu.

Ya tatu ni ardhi. Hapa ndipo nawaambia wale wanaofikiri mimi ni adui wa ndege: pandeni! Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Watalai, wakapelekwa Gwassi. Ardhi nzuri ya Kericho ikawa mashamba ya chai ya makampuni. Mwaka wa 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu hiyo historia. Sasa, faili nyingi za Ofisi ya Makoloni ziko wapi? Ziko Kew, London. Kijana wa historia kutoka Chuo Kikuu cha Kabianga anahitaji miezi kadhaa huko, akipekua karatasi moja baada ya nyingine, kwa sababu swali lake la Kericho linampeleka London. Huyo nitampigia makofi mpaka mikono ichubuke.

Mnaona tofauti? Tatizo si kwenda. Tatizo ni kwenda mikono mitupu.

Na kuna mtu alitufanyia mfano zamani. Wangari Maathai alipelekwa Marekani 1960, wakati ule wa ndege za wanafunzi za kina Tom Mboya. Akasoma huko, akarudi, akaanza kazi Nairobi. Kwa utafiti wa PhD akaenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuanzia 1967, akarudi 1969. Lakini shahada yenyewe aliipata hapa Nairobi, 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati. Baadaye akiwa anatafuta kupe wanaosababisha ugonjwa wa ng'ombe, alizunguka vijijini akaona ng'ombe wamekonda, mito imejaa udongo, miti imekwisha. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Mwaka wa 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kama hangekuwa na kazi ya utafiti iliyomtoa ofisini na kumtembeza mashambani kwao, hiyo mito angeiona saa ngapi?

Najua komenti zinakuja. Wacha nizijibu mapema.

"Watoto hawana karo ya sekondari, wewe unaongea PhD?" Buda, baba ya huyo mtoto asiye na karo anauza majani chai. Karo yake imepotelea kwa lile swali la bonasi. Basari ya elfu tano kila mwaka ni nzuri, lakini itamsaidia muhula mmoja. Jibu la swali lingesaidia baba yake kila mwezi.

"Vifaa viko huko nje." Kweli kabisa. Basi nenda na udongo wa Konoin ukautie kwa mashine yao. Shida ni kwenda huko na kupimia wenyewe udongo wao.

"Akirudi atafanya kazi gani?" Hapa mmenipata. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai pesa za mkataba wa zamani. Ukiona hivyo, unaelewa kwa nini mtu na PhD yake anaamua kubaki kwa baridi ya watu. Siwezi kumwambia dada arudi ale uzalendo. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kudai pesa ya utafiti hapa, kwa sababu mtafiti mwenye swali na pesa ya kulifuata ana kitu cha kurudia.

Na pesa iko, kwa karatasi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Mfuko wa Taifa wa Utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Mwaka wa 2023 pato letu lilipita trilioni 15. Piga hesabu kwa simu yako: hiyo ni bilioni 300 na zaidi. Huo mfuko haujawahi kukaribia hapo hata kwa ndoto. Sheria ya Chai ya 2020 nayo iliandika kwamba sehemu ya tozo ya chai iende kwa utafiti. Na msiniambie utafiti wa nyumbani hauzai kitu. Ile chai ya zambarau, TRFK 306/1, iliyotolewa kwa wakulima 2011, ilitoka kwa watafiti walio hapa hapa Kericho. Unapita geti lao ukienda mjini na hujui.

Kwa hivyo nataka vitu vitatu.

Kaunti za Kericho na Bomet, pamoja na makampuni yanayomiliki mashamba makubwa: wekeni mfuko mdogo wa kazi ya shambani kwa wanafunzi wa PhD wanaosomea maswali ya huku, popote walipo duniani. Siongei karo. Naongea nauli ya kurudi, vipimo vya maabara, na mshahara wa kijana wa kijijini wa kusaidia kukusanya sampuli. Dada yangu hakukosa akili wala chuo. Alikosa hiyo tu.

Wewe unayejaza fomu: kabla ya kubonyeza tuma, uliza kama kuna pesa ya kurudi nyumbani kufanya utafiti. Uliza kama unaweza kuandikishwa chuo cha hapa na kwenda nje kwa muda. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa namna hiyo: unabaki mwanafunzi wa chuo chako, na unakaa Uingereza hadi miezi 12 ukitumia maabara na wasimamizi wao. Wajerumani wa DAAD pia wana mpango wa wasimamizi wawili, mmoja huku na mmoja kule. Hizi hazina picha kali ya JKIA, lakini swali linabaki lako.

Na sisi wa kutoa harambee: tutoe, hiyo ni mila nzuri. Lakini kabla ya kofia kuzunguka, mzee mmoja asimame aulize, "Mtoto wetu, unaenda kutafuta nini?" Akisema ni la huku, ongeza noti. Akisema bado hajui, mpe baraka na mursik, halafu mkae naye chini mumpe swali. Wachuna chai wanayo mengi.

Dada anamaliza mwaka ujao. Shayiri ya watu itakuwa imepata daktari. Shamba la Kogo bado linakula 26:5:5, na Kogo bado anauliza.

Sasa ni zamu yako. Hapo chini usiandike "ukweli mtupu" ukaondoka. Andika swali moja la kwenu ambalo ungetaka mtu apewe miaka minne kulijibu. Nitayakusanya, niyapeleke kwa ofisi za kaunti zote mbili, na nirekodi vile watanijibu.