"Kuwa makini" si kamba



Kuna neno moja ambalo kila bosi wa mabati analo mdomoni: kuwa makini. Unapanda, anakuambia kuwa makini. Unateleza, anakuambia hukuwa makini. Ukianguka, watu wanakaa kwenye benchi wanaongea ati kijana alikuwa mzuri, ila hakuwa makini. Mimi hilo neno limenichosha. Linamwondolea kosa mwenye kazi, ambaye hakununua hata kamba, na kumbebesha mtu ambaye sasa analala chali hospitalini.

Tuangalie mahali petu. Kimisagara ni mlima. Nyumba zimepandana kutoka upande wa Nyabugogo kwenda juu, na upande wa mlimani unaweza kutoka kwenye kijia ukakanyaga bati la jirani bila ngazi, kama mtu anayeingia sebuleni. Ndiyo maana tunadharau. Lakini zunguka uone upande wa pili wa paa hilo hilo: ukuta wa mawe, halafu ua wa nyumba ya chini, na kutoka ukingoni mpaka sakafu ya saruji ni mita tatu, nne, pengine zaidi. Mtu akianguka mita tatu tu anafika chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Huo umakini utautumia saa ngapi?

Na umakini unachoka, jamani. Asubuhi bati lina umande. Saa saba mchana linachoma mpaka unaruka-ruka. Kati ya Machi na Mei mvua inakuja bila kubisha hodi, na bosi anataka paa lifungwe kabla haijashuka, kwa hiyo ndipo tunaharakishwa zaidi, saa ile ile bati linapoteleza zaidi. Ongeza upepo: bati refu mikononi mwa mtu mmoja ni tanga la mashua, linakwenda na wewe unalifuata. Ongeza waya za umeme zinazopita juu ya nyumba zetu, nyingine unaweza kuzigusa kwa bati bila kunyoosha mkono.

Nani anapanda? Mara nyingi ni sisi. Wakongo, Warundi, vijana wa kiraka. Wengine walikuja mjini kutoka kambini baada ya WFP kukata mgao wa chakula kwa asilimia 60 mwezi Machi 2021, na mtu mwenye njaa haulizi ngazi imefungwa wapi. Mabosi wanalijua hilo. Kuna mmoja alimwambia jirani yangu, mbele yangu, kwamba mkimbizi hana haki ya kudai vifaa. Uongo mtupu. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018, ya tarehe 30 Agosti 2018, inapogusa usalama na afya kazini inawataja hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Yaani hata wewe usiye na karatasi ya mkataba. Kila wilaya ina mkaguzi wa kazi, na Nyarugenge yuko. Kuna pia mchango wa asilimia 2 ambao mwajiri anatakiwa kuulipa RSSB kwa ajili ya ajali za kazini. Mwajiri, siyo wewe. Mulize bosi wako wa kiraka kama amewahi kukuandikisha, uone atakavyocheka. Mituweli inasaidia kwenye matibabu, tunashukuru sana, lakini Mituweli hailipi kodi ya nyumba miezi sita ukiwa umelala.

Sasa mashirika. Msinikasirikie. Mmetufundisha ufundi, wengi wetu tumepata cheti kupitia kwenu. Lakini nimeona boksi la vifaa vya kuanzia walilopewa vijana baada ya mafunzo: nyundo, futi, mkasi wa bati, koleo, na kofia ngumu ya njano. Kamba hakuna. Mkanda wa usalama hakuna. Picha ikapigwa, kofia zikang'aa, ripoti ikaenda. Kofia ni nzuri msumari ukidondoka. Haimzuii mtu kuanguka, na ikifika chini imefika pamoja na mgongo wake. Mkihesabu vijana waliopata kazi, hesabuni pia wangapi bado wanatembea baada ya mwaka. Swali hilo sijaliona kwenye fomu yenu hata moja, na fomu zenu nimejaza nyingi!

Na sisi wenyewe tuna ujinga wetu. Anayeomba ngazi ishikwe anaitwa mwoga. Anayekimbia juu ya paa na ndala anashangiliwa. Wadogo zetu wanaangalia kutoka chini na kujifunza hayo hayo.

Mafundi wazuri hawafanyi hivyo, na nimefanya kazi na wawili. Ngazi wanaiweka hivi: kila mita nne za kwenda juu, mguu wake unatoka mita moja nje ya ukuta, kichwa chake kinapita ukingo wa paa kwa karibu mita moja, na juu inafungwa. Wanakanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna mbao. Bati lenye kutu na zile za plastiki za kuingiza mwanga hawazikanyagi kabisa, hapo wanalaza ubao. Kamba wanaipitisha juu ya mgongo wa paa na kuifunga upande wa pili kwenye kitu kisichong'oka, mti mkubwa au nguzo ya zege, na urefu wake wanaupima ili ikukamate kabla ya ukingo. Mlima wetu hapo unatusaidia, upande wa juu mara nyingi kuna pa kufungia. Mkanda uliouvaa bila kuufunga popote ni nguo tu. Na yale mapaa ya kijivu ya asibesto, ambayo serikali imekuwa ikiyaondoa tangu 2011, usiyapande kwa kiraka hata ukiongezewa pesa. Yanavunjika kama sahani, na vumbi lake linaleta saratani. Yana timu zake zenye mafunzo na mavazi.

Mtu akianguka, msimwinue kwa mikono na miguu kumpakia kwenye pikipiki. Mwacheni alale alivyo, kichwa kisitikiswe, pigeni 912. Ni ambulansi.

Najua mtaniambia nini: nikidai kamba, bosi atamchukua mwingine. Kweli, atamchukua. Mwingine huyo ni nani? Ni mimi, ni wewe, ni yule tunayecheza naye mpira Jumapili. Tunajuana wote pale tunaposubiri kiraka asubuhi. Basi tukubaliane swali la ngazi na kamba liulizwe kabla ya swali la pesa, na anayekataliwa kwa sababu hiyo, nafasi yake mwingine asiichukue siku hiyo. Tuliweza kuchangishana jezi. Kamba mbili nzuri, mikanda miwili na ngazi ya kulaza juu ya paa tunaweza kununua pamoja na kuazimana, kwa daftari, kila mmoja akiikagua kamba kabla ya kuirudisha. Lakini hiyo ya kwetu isimpe bosi ruhusa ya kukaa mikono mitupu: akitumia kamba yetu, alipe ya kuikodi. Na shirika likitaka kutusaidia, lisilete kofia nyingine. Lilete kamba, na fundi anayejua kuifunga aje akae nasi juu ya paa la kweli siku tatu nzima, siyo nusu siku hotelini na soda.

Anayekubali aandike jina lake hapa chini. Anayepinga pia aandike, lakini aseme ngazi yake huwa inafungwa wapi.