Fulana Nyeupe Kutoka Norwei

Jamaa zangu wa Lamu,

Nimepata habari ya kuwa pale barazani mnaulizana kama ni kweli kwamba nimetoa fedha zangu mwenyewe ili nijitupe baharini alfajiri, katika baridi, nami ni mtu mzima mwenye watoto watatu. Basi nawajibu kwamba ni kweli.

Huku Norwei hufanywa mwezi wa Agosti mashindano yaitwayo Norseman, yaliyoanza mwaka 2003, ambayo washiriki wake, kiasi cha 250 tu, hupatikana kwa kura kati ya maelfu ya waombaji. Saa kumi na moja alfajiri feri husimama katika hori ya Eidfjord, ikafungua mlango wake, na kila mmoja akajirusha kutoka kimo cha mita 4 hivi. Kisha huogelea kilomita 3.8, akapanda baisikeli kilomita 180 kuivuka nyika tupu ya Hardangervidda, akamalizia kwa miguu kilomita 42 kuelekea mlima Gaustatoppen, ambao kilele chake ni zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari ile ile aliyotoka.

Mimi niliyekulia kuogelea gatini nilidhani maji ndiyo yatakayonifariji. Kumbe yale ni maji ya theluji iliyoyeyuka. Yaliponifika usoni pumzi ilikatika, na vidole vikawa si vyangu, hata nilipotoka ufuoni jirani yangu ndiye aliyenifungia kofia ya baisikeli kidevuni, kama mama amtayarishaye mwanawe kwenda chuoni.

Jirani huyo ndiye habari yenyewe. Waandalizi wa mashindano, ambao utaratibu wao ni wa kimya na wa kustaajabisha, hawajitwiki kazi ya kumlisha mtu njiani, bali humtaka kila mshiriki awe na mtu wake mwenye gari, amlishe, ambadilishie nguo, na mwishoni aupande mlima pamoja naye. Nami nimekaa nchi hii miaka tisa bila ya kumwomba mtu hata chumvi, na katika barua zangu nilijisifu kwa hilo, mtakumbuka. Sasa nikajikuta mlangoni kwa mzee wa ghorofa ya chini, ambaye mazungumzo yetu yote yalikuwa ni juu ya mvua, nikibabaika kama mposaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: ndizi ngapi?

Katika mbio za miguu, kando ya ziwa la Tinn njia ni tambarare kwa kilomita 25, kisha huja mwinuko waliouita Kilima cha Mizuka, na jina hilo hawakulikosea. Huko kilomita ya 32 na nusu watu huhesabiwa: 160 wa kwanza hukwea kileleni na kupewa fulana nyeusi, na waliosalia humaliza masafa yao huko chini, kwa fulana nyeupe. Nilikuwa wa 173. Mzee alikwisha vaa buti zake za mlimani, mkoba mgongoni na taa kichwani; aliketi juu ya jiwe akazifungua kamba polepole, na uchungu wangu wote ulikuwa ni juu ya buti zile.

Ameniambia tuombe kura tena mwakani. Fulana naituma kwa binamu anayekuja huko mwezi ujao. Msimrejeshe mikono mitupu, mpeni halua ratili mbili, kwani moja ni ya mzee.