Umesajili injini ya jina kubwa, kiungo umekikagua?

KILOSA. Wiki ya mechi kubwa, vijiwe vya hapa Magomeni huwa na mada mbili. Ya kwanza ni nani anaanza namba tisa. Ya pili ni tunaendaje uwanjani. Ile ya kwanza inabishaniwa mpaka usiku. Hii ya pili inamalizwa kwa sentensi moja tu: "Twende na GX ya mwanetu, imefungwa 1JZ, mapema tu tuko Dar."

Leo nataka tubishane kuhusu hiyo ya pili.

Kwa wasiojua, GX100 ni Toyota Mark II, nyingi zilizopo mtaani zina injini ya 1G-FE ya lita 2.0. Gari la umbo hilohilo liliwahi kutoka kiwandani na injini ya 1JZ-GTE, lita 2.5 yenye turbo, nguvu farasi 280. Ndiyo maana vijana wanaipenda. Injini inakaa vizuri, na unapata gari linaloonekana la mzee wa kanisa lakini likikanyagwa linaondoka kama winga aliyeachiwa nafasi.

Shida haipo kwenye injini. Shida ipo kwenye kiungo.

Kati ya hewa inayoingia na silinda kuna kipande kinaitwa manifoldi. Kazi yake ni kupokea hewa na kuigawa sawasawa kwa kila silinda. Ni namba nane wa injini. Akigawa vibaya, hata ukiwa na washambuliaji sita mbele, mabao hayaji. Na kama namba nane wa kweli, hakuna anayemwimba mpaka siku timu imefungwa.

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Kijana anatafuta manifoldi ya 1JZ, anaambiwa ipo, analipa, anarudi nayo. Hakuuliza ni 1JZ ipi. Kuna ya zamani, na kuna ya VVT-i iliyoanza 1996. Hedi zao hazifanani upande wa hewa, kwa hiyo manifoldi ya moja haifungi kwenye nyingine. Jina ni moja, mchezaji siyo huyo.

Hapo gereji ndipo visa vinapoanza. Matundu ya bolti yanapanuliwa kwa drili. Palipobaki uwazi panajazwa silikoni. Gari linawaka, watu wanapiga makofi. Lakini silikoni nyingi haipendani na petroli. Inalainika, inamomonyoka, vipande vinavutwa ndani, na hewa inaanza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Hewa hiyo ya mlango wa nyuma ndiyo adui. Kompyuta ya gari huenda haijaihesabu, hivyo mafuta yanayopimwa hayatoshi. Sailensi inapanda na kushuka, unasikia mluzi chini ya boneti. Ukilibana gari kwa muda mrefu, mchanganyiko wenye hewa nyingi unapandisha joto ndani ya silinda, na pistoni inaweza kutoboka. Kwenye turbo hali inageuka: ukikanyaga, hewa iliyosukumwa inatoka pale pale palipovuja, nguvu inapungua, mwenye gari anakanyaga zaidi.

Fundi mzuri anafanyaje? Anaanza na gasketi, kabla hata ya kulipia manifoldi. Anailaza kwenye hedi, kisha kwenye manifoldi, anaangalia kama matundu ya hewa na ya bolti yanakutana. Dakika tano tu. Halafu anaweka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi na kutazama kama mwanga unapenya chini yake. Ukipenya, uso umepinda, unatakiwa kwenda kusawazishwa kwenye mashine. Gasketi nene au silikoni haitibu uso uliopinda.

Kukaza nako kuna utaratibu. Anaanza bolti za katikati, anatoka taratibu kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Hedi ni ya aluminiamu, ukikaza kwa hasira nyuzi zinakatika na umejitengenezea tatizo jingine.

Kwa wale wanaoweka manifoldi inayotazama mbele ili bomba la turbo liwe fupi, kuna swali la nafasi. Bandika vidonge vya udongo laini juu ya manifoldi, funga boneti taratibu, fungua. Udongo uliobonyea utakuonyesha umebakiwa na nafasi kiasi gani. Kumbuka injini inacheza kwenye mpira wake, kwa hiyo kama udongo umebaki mwembamba kama karatasi, siku ya safari chuma kitagonga chuma.

Mwisho ni kipimo cha kuvuja. Funga njia ya hewa, ingiza upepo kidogo wa kompresa, paka povu la sabuni kwenye maungio. Ni kazi ileile ya fundi pancha, na Bubujiko haidanganyi. Kuna wanaonyunyizia petroli injini ikiwa inawaka ili wasikie inavyobadilika. Hiyo acheni kabisa, mnatafuta moto.

Sasa twende kwenye jambo lililonifanya niandike haya kwenye ukurasa wa mpira.

Busta ya breki, ile inayofanya pedali iwe laini, kwenye magari haya inapata mvuto wake kutoka kwenye manifoldi. Ukibadilisha manifoldi, hozi ya busta nayo inahamishwa. Ikifungwa na klipu iliyochoka, au tundu lake likavuja, pedali inakuwa ngumu kama tofali. Breki zipo, lakini zinataka mguu wa beki wa zamani. Kwenye turbo panatakiwa pia vali ya njia moja iliyo nzima, ili upepo wa turbo usirudi kwenye busta.

Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Iache mguu hapohapo, washa gari. Pedali inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, usipande.

Fikiria sasa gari hilo lina vijana watano wenye jezi na vuvuzela, linaingia barabara kuu ya Mikumi, ambako karibu kilomita 50 zinapita ndani ya hifadhi na twiga anaweza kuvuka muda wowote. Au wenzetu wa Mbeya wanaoshuka Kitonga. Pale mguu mgumu hautoshi.

Februari 10, 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikirudi kutoka Ruangwa kucheza na Namungo. Siifananishi na injini za kubandika. Naitaja kwa sababu ilitukumbusha kwamba mechi haiishi filimbi ya mwisho ikipigwa. Inaisha ukifika nyumbani.

Simpingi kijana anayependa gari lake. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, sote tuliona Naivasha ilivyojaa. Lakini hata magari yale ya mabilioni yanafungwa bomba la kuvuta hewa kutoka juu kwa ajili ya maji na vumbi la Kenya. Timu za dunia zinakagua njia ya hewa kwanza, sisi tunaikagua mwisho.

Prince Dube alipotoka Azam kwenda Yanga 2024, watu walianza kunung'unika mapema. Desemba 19 mwaka huo akawapiga Mashujaa mabao matatu. Jina lilikuwa lilelile siku zote. Kilichohitajika ni kuunganishwa na wenzake, na hiyo inataka mazoezi.

Kwa hiyo kabla ya kuchangishana mafuta, muulize mwenye GX maswali mawili: manifoldi imepimwa kuvuja? Hozi ya busta ni mpya? Akianza kukuhadithia nguvu farasi, mshukuru, kisha nenda stesheni. Treni ya SGR inasimama hapahapa Kilosa, na jezi yako itafika uwanjani ikiwa safi.