Mja mzito hali sahani mbili

Sisi mafundi cherehani mimba huanza kutwambia futi. Biharusi wa mwaka jana anarudi kushona dira la kupwaya, na nyumbani mama mkwe kamjazia wali, kamuongeza na chapati: "Kula mwanangu, mko wawili."

Kwa heshima zote, hapo hatukubaliani. Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji nyongeza ya maana. Baadaye inatosha kama ndizi na gilasi ya maziwa, au bakuli la choroko. Aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11 hadi 16 kwa mimba nzima. Aliyeanza mnene, pungufu ya hapo. Israfu ya chakula dini yetu imeikataza, na mimba haikuihalalisha.

Wala msijinyime ili nguo ikae. Nguo tunaiachia akiba kwenye mishono, tutaifumua.

Kinachotutisha sisi ni damu. Utamuona mtu kanawiri, mashavu yamejaa, lakini viganja vyeupe, na mkobani kafunga udongo wa kutafuna! Unene si damu, jamani. Kuleni dagaa, maini, mchicha, kisamvu, na ndimu mkamulie juu. Vidonge vya damu mnavyopewa kliniki mvimeze, visikae kabatini. Chai ya rangi isiandamane na chakula, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini; ngojeni hata saa moja.

Na nyinyi mawifi, mkenda kumtazama, haluwa iacheni. Mpelekeeni samaki.